Barua ya wazi kwa Diwani wetu: mnara unalala na kuku

Mheshimiwa Diwani,

Salamu kutoka huku juu, upande wa Matamba, ambako asubuhi hii majani ya viazi yameamka meupe kwa sakitu. Nimekutumia meseji nyingi tangu mwaka jana na hukujibu hata moja. Sikulaumu. Huenda hazikufika, na sababu ya kutofika unaijua kuliko mimi.

Ningeweza kukuita mwanangu, maana mama yako tulilima naye pareto, lakini cheo ni cheo. Nitakuita Mheshimiwa mpaka mwisho wa barua, nikiweza.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kibanda changu unakijua, ulibandika picha yako mlangoni mwaka 2020 na nyingine mwaka 2025 juu ya ile ya kwanza. Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili jioni, alikuja kijana anataka kutoa shilingi 85,000. Bibi yake alikuwa hoi, na gari la Mbeya linaondoka alfajiri. Akaingiza namba yangu, kiasi, namba ya siri. Akabonyeza. Hapo hapo mnara wa simu ukalala. Simu yake ikabaki inazunguka, yangu haikuingiza kitu. Tukakaa tunatazamana kama watu waliopigiwa swali darasani.

Kanuni ya uwakala naijua: hutoi hela kabla meseji haijaingia. Nimewaambia wenzangu mara mia. Lakini bibi alikuwa anakohoa nje, ndani ya blanketi, na baridi ya Julai unaijua. Nikampa. Mnara ukaamka kesho yake saa nne, jua lilipopasua ukungu, na floti yangu, lile salio la wakala kwenye simu, ilikuwa vilevile. Muamala haukupita. Kijana ni mwaminifu, kanipigia mwenyewe kwamba hela bado ziko kwake na atanirejeshea. Lakini bibi amelazwa, na zile 85,000 zinakwenda kwenye dawa na chakula. Nimdai mtu aliye wodini? Nikudai wewe?

Najua utakachosema, maana uliwahi kukisema mkutanoni: "Mbona simu zenu zinaonyesha vijiti?" Ni kweli, Mheshimiwa. Ukisimama ukingoni huku unaiona Usangu yote chini, na simu nayo inaisikia minara ya bondeni. Lakini kusikia si kusikika. Mnara una nguvu ya kupaza sauti mbali, simu yangu ina kibetri cha kiganjani. Halafu ile tujii (2G, mtandao wa kizazi cha pili) ya kawaida imeundwa hivi kwamba ukiwa mbali na mnara zaidi ya kilometa 35, hata kama mnaonana uso kwa uso, haikubali. Vijiti viwili vinakuwa pambo.

Na simu inayotafuta mtandao usiku kucha inajimaliza. Inaongeza nguvu ya kuita, inaita tena, asubuhi unakuta asilimia nne. Baridi nayo inafyonza chaji. Nimekuwa mwalimu bila mshahara hapa kibandani. Nawaambia wateja jua likizama waweke hali ya ndege, walale na simu ndani ya blanketi, na ikiwa imeganda kama jiwe waiache kwanza ipate joto ndiyo waichaji, maana betri hizi zikichajiwa kwenye baridi ya barafu zinaharibika. Wenye simu janja nawaambia waiweke kwenye tujii pekee wakati wa kutoa hela, menyu ile ya nyota na reli haihitaji intaneti. Yote haya yanasaidia mchana. Usiku hakuna ujanja, mnara umelala.

Kupiga huduma kwa wateja? Namba ni 100, naijua kwa moyo. Ili nipige 100 kueleza kwamba hakuna mtandao nahitaji mtandao.

Nikukumbushe siku ya uzinduzi wa mnara wetu, 2022. Ngoma zilipigwa, mbuzi alichinjwa, wewe ukapiga simu ya kwanza ukiwa umesimama juu ya benchi letu la kanisa. Ulisema, "Hamtapanda tena kilimani kutafuta mtandao." Mwaka ule kweli hatukupanda. Jana nimempita mwalimu mkuu kilimani, saa moja usiku, kashika simu juu kama anawinda popo.

Tatizo nini? Mimi si fundi. Naona paneli za sola pale juu, na msimu wa ukungu tunakaa siku tatu bila jua, kwa hiyo nadhani betri zimechoka, zinajaa kidogo na kuisha kabla ya usiku. Wengine wanasema betri nzuri ziliondoka na kubaki mabovu. Jenereta ipo, lakini nasikia dizeli inanywewa kama ulanzi, ingawa hilo sina ushahidi na sitaki kesi. Najua pia kwamba tangu sheria ya mwaka 2006 kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ili kampuni zijenge kule kusikovutia biashara. Kama mnara wetu ulipata ruzuku ama haukupata, wewe ndiye ulikata utepe, wewe utwambie.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mambo matano. Fidia, mnara wa pili, umeme wa gridi, mkutano na kampuni, na ujibu meseji. Nimeyafuta. Nataka betri. Betri tu, Mheshimiwa. Mnara uvuke usiku mmoja wa ukungu ukiwa macho.

Na kama betri ni kubwa mno kwako, basi jina la mwenye ufunguo wa ile fensi. Tumeuliza mlinzi, kasema ufunguo uko wilayani. Wilayani wamesema uko kwa mkandarasi. Mkandarasi hapatikani, simu yake haina mtandao.

Ukijibu, usinipigie. Andika kwenye karatasi, umpe kondakta wa gari la asubuhi, atanifikishia.

Wako,
Wakala wa kibanda chenye picha zako mbili