Kabla ya parachuti, tufundishwe mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyetaka ndege kubwa za abiria zifungwe parachuti la kubeba ndege nzima. Hofu yake naielewa. Mwanangu husafiri kwa ndege kati ya uwanja wetu wa Songwe na Dar es Salaam, na asubuhi ukungu ukilala Mbalizi simu haitoki mkononi mwangu mpaka aseme wametua.

Lakini mimi ni fundi wa maturubai hapa Mwanjelwa, mwaka wa 22 huu, na kitambaa na upepo navijua. Turubai la semitrela likiachia kamba moja tu kwenye mteremko wa Kitonga, huletwa kwangu limechanika kutoka tundu la kamba hadi katikati, mshono umefumuka wote. Na lori pale linatambaa. Ndege ya abiria ikiwa juu hukimbia kilomita 800 kwa saa.

Maparachuti hayo yapo, na yameokoa watu. Cirrus SR22 ya Marekani inalo: rubani anavuta mpini, roketi ndogo inalichomoa, ndege inashuka ikining'inia. Ila hiyo ni ndege ya watu wachache, ikijaa haifiki tani mbili. Airbus A220 za shirika letu zinakaribia tani 70.

Tena ajali nyingi hutokea wakati wa kupaa au kutua, ndege ikiwa chini, parachuti halipati hata nafasi ya kufunguka. Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege iliingia ziwani ikiwa inakaribia kutua. Kati ya watu 43, walikufa 19. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Pale palihitajika milango na boti.

Mwaka jana nilikalishwa kwenye mlango wa dharura. Mhudumu aliniuliza kama niko tayari kusaidia, nikasema ndiyo. Kadi ilikuwa Kiingereza kitupu. Nilifuata michoro kwa kidole, mshale mwekundu, mkono umeshika mpini, na mpaka tunatua sikujua kama mlango ule unavutwa ndani au unasukumwa nje. Watu wazima na watoto nyuma yangu walikuwa wananitegemea mimi.

Naziomba mamlaka kadi ziwe na Kiswahili. Na uwekwe mlango wa mazoezi kwenye ukumbi wa Songwe, tuushike, tuufungue wenyewe. Muda tunao, maana siku za ukungu tunakaa pale saa nzima na zaidi.

Fundi maturubai,
Mwanjelwa, Mbeya