Kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: anayetoboa maembe yetu huja usiku

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka Kwihara. Kila msimu tunaambiwa maembe yetu yanaharibiwa na inzi wa matunda. Ni kweli, inzi huyo aliyetoka Asia na kuonekana nchini mwaka 2003 ametutia hasara kubwa. Lakini hayuko peke yake.

Msimu uliopita nilitundika mitego ya inzi kama nilivyoelekezwa. Ilijaa, na maembe yakaendelea kudondoka. Nikayapasua. Mengi hayakuwa na funza hata mmoja, ila tundu la mviringo kama la sindano, na chini yake nyama imekauka kama sponji. Saa tatu usiku nikaingia shambani na tochi, nikaona macho yanang'aa kama makaa matawini. Ni nondo, tena mkubwa: akitulia utadhani jani kavu, akikunjua mbawa za nyuma ni rangi ya chungwa zenye alama nyeusi.

Huyu ni wa jamii ya Eudocima. Nondo wengi hutuharibia wakiwa viwavi. Yeye huharibu akishakuwa mzima, kwa mrija mgumu wenye meno unaopenya ganda la embe au chungwa. Viwavi wake hawagusi mwembe. Hula mimea itambaayo juu ya miti porini, kama Tinospora. Kwa hiyo dawa tunayopuliza shambani haifiki anakozaliwa, na mtego wa inzi, ambao harufu yake huvuta madume ya inzi, haumhusu kabisa. Eudocima phalonia ameandikwa sana, hadi Asia na Australia. Ndugu yake wa Afrika, Eudocima divitiosa, ameandikwa kidogo mno.

Naomba uwaagize watafiti wa TARI Tumbi, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania tulicho nacho hapa hapa mkoani, waje mashambani usiku maembe yanapoiva, wawakamate nondo hawa na kuwatambua kwa majina. Mabwana shamba na mabibi shamba nao wapasue embe kwanza kabla ya kusema ni inzi. Na tafadhali, asitokee wa kuamuru tufyeke pori kwa sababu ya viwavi. Mizinga yetu ya nyuki imo humo.

Mwaka huu nitayafunga maembe ya matawi ya chini kwa mifuko ya karatasi, yangali mabichi. Ya juu sina namna ya kuyafikia.

Nondo mmoja nimemkausha, yumo kwenye boksi la viatu. Nitamleta ofisini kwako siku utakayonipangia.

Wako mtiifu,
Mkulima wa maembe, Kwihara