Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Wazee wetu, kina mama, vijana, wanachama wenzangu, assalamu alaikum na hamjambo.

Shughuli za kawaida mwazijua, sitawachosha. Ufuo ulisafishwa, mikoko ilipandwa Mida, kitalu cha miche pale Ganda kinaendelea, na waliofiwa tuliwafikia. Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba inavyotaka, na vyote niliviongoza mwenyewe.

Nije kwenye jambo lililowakera baadhi yenu. Shilingi 68,000 zilizotengwa kununua hema na viti vya kukodisha, kamati ilizitumia kwa semina na safari ya Bamburi. Mada ilikuwa namna machimbo yaliyofungwa ya urani, madini yanayoendesha vinu vya nyuklia, yanavyorudishwa kuwa ardhi ya matumizi mengine. Maneno ya barazani yamenifikia: "Malindi kuna urani gani?" Hakuna mgodi wa urani Malindi. Lakini serikali ilipotaja Uyombo, hapa kwetu Kilifi, kuwa mahali pa kinu cha umeme wa nyuklia, sote tulipaza sauti juu ya kinu, wala hatukuuliza urani yake itachimbwa wapi na wenyeji wa huko wataachiwa nini. Swali hilo nililileta mimi kwenye kamati, na kamati ikalikubali. Tena Namtumbo, kwa jirani zetu Tanzania, si mbali: mwaka 2012 mpaka wa hifadhi ya wanyama ya Selous ulibadilishwa ili kupisha mradi wa urani.

Bamburi tulikwenda kwa makusudi. Lile lilikuwa timbo la matumbawe la kiwanda cha saruji. René Haller, aliyekuwa mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikashika 3 tu, mvinje ukiwamo. Majani ya mvinje hayaozi upesi, akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa udongo. Waliokwenda waliushika kwa mikono yao, udongo mweusi juu ya jiwe lililokuwa tupu.

Kwa urani hilo halitoshi. Mwamba ukishasagwa na urani kutolewa, mchanga unaobaki huwa na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mwanzo. Humo mna radiamu, madini yenye mionzi yanayotoa gesi ya radoni, na nusu yake tu huchukua miaka 1,600 kuisha. Ndiyo maana mchanga huo hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na mawe, gesi hiyo isitoke na mvua isipenye. Mti wa mizizi mirefu, tunaousifu Bamburi, huko ni adui, kwa kuwa hutoboa kifuniko. Ronneburg, Ujerumani, shimo la Lichtenberg, lililochimbwa urani, lilijazwa vifusi vilivyokuwa vimerundikwa kando yake, na mwaka 2007 pakafanyika maonyesho ya maua ya taifa. Pamependeza kweli, lakini maji yanayotoka kwenye machimbo yale yanaendelea kusafishwa kwa mitambo, kwa fedha za umma. Grand Junction, Colorado, watu waliachiwa mchanga wa kiwanda cha urani bure hadi mwaka 1966, wakaumwaga chini ya sakafu na kuuchanganya kwenye zege. Maelfu ya nyumba ikabidi zisafishwe baadaye. Sisi tunaojenga kwa mawe na kifusi cha timbo lolote lililo karibu, tuseme hayo hayatuhusu?

Kilichonisikitisha ni mahudhurio. Wanachama 84, semina walikuja 19, na waliolalamika zaidi hawakuwamo. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, na waliolipa ni 31. Ukijumlisha na malimbikizo ya nyuma, chama kinadai wanachama wake zaidi ya shilingi 90,000. Fedha hizo zingenunua hema na viti na nyingine kubaki. Nasema wazi, hema limekosekana kwa sababu ya ada zisizolipwa. Semina haina lawama, na uamuzi ule nautetea leo kama nilivyoutetea kwenye kamati.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia, tunatumai kuonana na wenye matimbo ya huku kwetu na wenzetu wa kaunti, tuone mashimo yaliyoachwa yanaweza kufanywa nini. Hema nalo litatazamwa ada zikiingia.

Mahesabu ya mweka hazina mnayo mikononi. Naomba mkutano uyapitishe pamoja na hizo 68,000, na mwenye pingamizi ainue mkono hapa, katibu aandike.