Mhariri, tuambieni mkono unafanya nini

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa wenu wa magemu, sijawahi kuandika ila safari hii imebidi. Toleo lililopita mmeweka uchambuzi wa gemu jipya, nikausoma wote mpaka nukta ya mwisho, na nilipomaliza nikajikuta sijui lile gemu linachezwaje. Paragrafu ya kwanza jua linavyopenya kwenye majani, ya pili nywele za jamaa zinavyopepea unywele mmoja mmoja, ya tatu maji, yaani maji yamepewa paragrafu yao peke yao, ya nne waigizaji na muziki, alafu kule chini kabisa kajimstari kamoja eti "uchezaji unaridhisha", maksi 9 kwenye 10, kwaherini. Sasa unaridhisha vipi? Nikishika padi ya kuchezea mkono wangu unafanya nini? Naruka, napanga, najificha, au nabonyeza kitufe kimoja masaa kumi na tano huku nasukumwa kama mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu? Hamjasema.

Siongei hewani, yameshanikuta. Kuna gemu moja, jina nalihifadhi, nililinunua kwa sababu ya treila na maksi za aina hiyo hiyo. Lilizidi GB 100, nikaiacha konsoli, ile mashine ya magemu, inalivuta usiku kucha, naamka bado, jioni ndo likamaliza. Nawasha, na sidanganyi, ni zuri. Mvua imetoka kunyesha kwenye mji wa mle ndani, kuna vidimbwi barabarani na kwenye vidimbwi unaona taa za maduka zinacheza. Nilisimama kama dakika tano nashangaa tu. Nikasema haya, ngoja niingie duka hilo la pembeni. Mlango haufunguki. Nikaenda wa pili, kumbe umechorwa ukutani. Nimetembea mtaa mzima nasukuma milango kama mtu aliyebanwa anatafuta choo, hamna hata mmoja uliofunguka, watu nawapiga kikumbo hata hawageuki, kiti hakikaliki, chupa nimeipiga risasi ikabaki imesimama vile vile. Juu ya skrini kuna mshale unanisubiri, nenda pale. Nikaenda. Ikaanza muvi. Muvi ikaisha nikapewa hatua kama ishirini za kutembea mwenyewe, ikaanza muvi nyingine.

Najua kuna atakayenitupia ile ya uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Hapana, sio hiyo ninayosema mimi, mkakasi ndani hamna kitu ila waliotengeneza haya magemu wana akili nyingi tu na mawazo wanayo. Tatizo ni kwamba uzuri wenyewe ndo umeubana ule mlango usifunguke, na hili ndo sijawahi kuona mkilieleza.

Chukulieni huo huo mlango. Enzi za pikseli, zile picha za vinukta vya mraba, mtu mmoja akitaka kuongeza chumba anachora vigae vyake vichache, anamuweka mzee ndani, anamuandikia sentensi mbili za kuchekesha kwenye kisanduku, kesho yake chumba kipo. Leo kwenye gemu kubwa chumba hicho hicho kinataka mbao za meza zionekane mikwaruzo, taa ipigiwe hesabu inavyogonga ukuta, mzee atafutiwe muigizaji avae ile nguo ya kubana yenye vinukta ya kunasa mwendo wake, sauti irekodiwe, alafu irekodiwe tena kwa lugha nyingine kadhaa. Nani atafanya yote hayo kwa ajili ya utani wa mzee mmoja? Hakuna. Chumba kinakatwa, mlango unachorwa. Na vile vyumba vichache vilivyobaki, kwa kuwa vimekula hela, bosi anataka kila mchezaji avione, usije ukapita njia nyingine ukaviruka. Hapo ndo mshale unapozaliwa. Mshale sio uvivu wa mtu, mshale ni bajeti.

Na bajeti zenyewe tumeziona. Mwaka 2023 kwenye ile kesi ya Microsoft na FTC, wakala wa serikali wa ushindani wa biashara kule Marekani, kuna nyaraka za Sony zilifutwa kwa kalamu nyeusi, ikafutwa vibaya, zikasomeka. Kutengeneza gemu la The Last of Us Part II kulikula dola milioni 220, Horizon Forbidden West dola milioni 212. Mtu uliyetia hela hizo huwezi kujaribu kitu cha ajabu, unatengeneza kile ambacho una uhakika nacho, mara nyingi ni namba mbili ya kile cha mwaka ule.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Red Dead Redemption 2 ya 2018. Gemu kubwa, nimelicheza na nimelipenda, sitaki ugomvi na mashabiki wake. Lakini mle ndani, samahanini wasomaji, mapumbu ya farasi yanasinyaa kukiwa na baridi. Kuna mtu alikaa ofisini akalifanyia kazi hilo. Sasa katika gemu hilo hilo ingia misheni, uambiwe pita hapa na wenzako, wewe useme ngoja nizunguke kwa nyuma ya nyumba niwavizie, mara skrini inakuambia umefeli, umewaacha wenzako, rudia. Farasi ana uhuru kunishinda.

Linganisheni na The Legend of Zelda: Breath of the Wild, 2017. Kwa ukali wa picha Switch, konsoli ya Nintendo, ilikuwa nyuma ya PS4 ya Sony, gemu lenyewe hata ukichomeka kwenye TV lilikuwa halifiki 1080p, yaani HD kamili, na kuna sehemu lilikuwa linakwama kwama. Ila siku moja nimebanwa na radi mle ndani, nikagundua upanga wa chuma mgongoni unaanza kutoa cheche, radi inautafuta, nikauvua haraka nikautupa, na kale kajimnyama adui kakakimbilia kuuokota. Radi ikakapiga chwaa! Nilicheka mpaka nikasitisha gemu. Hakuna mshale uliniambia fanya hivyo, hakuna muvi, sikuwa hata kwenye misheni. Chuma kinavuta radi, nyasi zikiungua hewa ya moto inapanda juu na unaweza kuipanda kwa parashuti yako, mbao zinaelea. Walitengeneza sheria wakakuachia. Hicho ndo naita maudhui ya gemu, maana siku hizi mkisema maudhui mnamaanisha stori tu, stori hata muvi inayo.

Ugonjwa sio wa leo lakini. 1983 kulikuwa na Dragon's Lair, ile mashine ya diski ya leza, katuni zake zilichorwa na timu ya Don Bluth, ilikuwa inapendeza kupita kila kitu kilichokuwepo, na kazi yako ilikuwa kusukuma fimbo upande sahihi kwa wakati sahihi, ukikosea unakufa. Zilipokuja CD kwenye konsoli miaka ya 90 ikawa hivyo hivyo, kila mtu anajaza video.

Upande wa pili kuna Super Mario Bros. ya 1985 ambayo yote kwa ujumla wake ni kama KB 40, selfi moja ya simu yako leo inaimeza mara kibao. Mle mawingu na vichaka ni mchoro mmoja umebadilishwa rangi tu. Kwa hiyo walibana kwenye mchoro, ila angalieni zile sekunde za mwanzo: umesimama kushoto, kulia kote ni wazi kwa hiyo unaenda kulia bila kuambiwa, anakuja yule mdudu wa kwanza, usiporuka unakufa, ukiruka juu kuna boksi la alama ya kuuliza unaligonga kwa kichwa, hata kwa bahati mbaya. Umeshafundishwa na hujasoma neno hata moja. Na kuna Space Invaders, 1978, wale wadudu wanaongeza kasi kadri unavyowaua, chanzo chake mashine ilikuwa inaelemewa kuwachora wote, wakipungua inapumua inawahi. Udhaifu wa mashine ukawa ndo utamu wa gemu.

Sasa nisije nikaonekana mzee wa "magemu ya zamani ndo magemu". Takataka za pikseli zipo nyingi tu, siku hizi pikseli nayo imekuwa fasheni ya kujificha, mtu hana wazo anaweka vipikseli na muziki wa ting'iting'i tunaambiwa ni sanaa. Wii, konsoli ya Nintendo, iliuza zaidi ya milioni 100 wakati haina hata HD, ikazipita PS3 na Xbox 360, lakini mliokuwa nayo mnakumbuka ilivyojaa magemu ya kutikisa mkono tu yasiyo na maana. Picha dhaifu peke yake haifanyi gemu liwe na akili.

Na picha yenyewe inaweza kuwa ndo maudhui, sikatai. Shadow of the Colossus ya 2005, PS2 ilikuwa inahema pale, unaona kabisa fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, zinashuka, ila bila ule ukubwa hamna gemu. Jitu linakuja ardhi inatetemeka, unalipanda mguuni, unashika manyoya huku linajikung'uta, na manyoya sio pambo, ndo ngazi yako. Silent Hill ya 1999 nayo, PlayStation haikuwa na uwezo wa kuchora mji kwenda mbali, wakaujaza ukungu, na ukungu ndo ulitutisha. Kwa hiyo swali ninalotaka muulize sio "ni zuri?", ni "huu uzuri unafanya kazi gani mkononi kwangu?" Manyoya ya lile jitu nayashika. Nywele za jamaa wenu mimi nazifanyia nini?

Kingine ambacho mnakiruka ni fremu. Magemu mengi ya sasa kwenye konsoli yanakupa uchague, modi ya ubora inayoenda fremu 30 kwa sekunde au modi ya kasi inayoenda 60. Kwenye 30 kila picha inakaa milisekunde 33, kwenye 60 kama 17, na tofauti hiyo huioni tu, unaisikia kidoleni, unabonyeza kuruka na jamaa anaruka kweli, sio anafikiria kwanza. 2024 Sony walipoitambulisha PS5 Pro, Mark Cerny mwenyewe, mbunifu mkuu wa hiyo mashine, alisema wachezaji wakipewa uchaguzi karibu robo tatu wanachukua kasi. Robo tatu! Watu wameshapiga kura, nyie picha zote mnazoweka kwenye ukurasa ni za modi ya ubora, tena zimesimama.

Hata wenye tuzo wameshaona. Tuzo za BAFTA za Uingereza za 2023, gemu bora la mwaka lilikuwa Vampire Survivors, limeyapita Elden Ring na God of War Ragnarök. Mlioliona mnajua lilivyo, vinukta fulani tu, unatembea, silaha zinajipiga zenyewe, lilianzishwa na mtu mmoja, Luca Galante. Muwaulize waliokaa nalo mpaka saa tisa usiku wanasema "raundi moja ya mwisho". Mimi ni mmojawapo na kesho yake kazini nilikuwa kituko.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mchambuzi wenu aanze na kile mtu anachofanya akiwa ameshika padi, dakika ya kwanza na saa ya kumi, kama kinabadilika au ni kile kile. Atuambie muvi zinakula muda kiasi gani. Atuambie amechezea modi ipi. Ajaribu kwenda kinyume na mshale aone gemu linamfanya nini. Ajaribu mlango mmoja wa pembeni ambao hakuelekezwa. Baada ya hapo asifie anavyotaka, hata paragrafu kumi za jua, nitazisoma.

Na yule aliyeandika ile paragrafu ya maji, nauliza kwa nia njema kabisa kwa sababu bado nafikiria kulinunua: hayo maji mtu anaweza kuogelea?

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa magemu