Pesa ya kulisha watoto iko

Mhariri,

Watu wengi hapa Kondele wanadhani Marekani hakuna mtoto analala njaa, kumbe wako, tena wengi. Kuanzia Julai 2021 serikali yao ilikuwa inawatumia wazazi pesa kila mwezi, hadi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na mwaka huo umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2, halafu bunge lao halikuendeleza hiyo mpango na 2022 ukaruka hadi 12.4. Pesa ilikuwepo! Hiyo ndio inaniuma. Huku Nyalenda mtoto anaenda shule na chai ya rangi tu tumboni, saa nne ashalaza kichwa kwa dawati, na sisi pia tunaambiwa bajeti hakuna. Wabunge wetu waweke pesa ya lanchi ya shule kila mwaka, wasingoje kampeni.

Mzazi, Kisumu