Fundi aliyesema bodi imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimseme fundi mmoja, jina nalisitiri. Mashine yangu ya kufulia, ya mlango wa mbele, iligoma kukamua. Ilifua, ikasuuza, kisha ikasimama na kulia pii pii, mashuka yamezama ndani kama viboko. Fundi alikuja, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akafungua kifuniko cha juu na kumulika kwa tochi ya simu. Hukumu ikatoka hata kiti sijamkaribisha: "Bodi imekufa, mama. Tafuta nyingine." Bodi ndicho kile kibao cha umeme kinachotoa amri za mashine. Goti hakupiga hata mara moja.

Mimi nimeshona nguo miaka 31. Cherehani ikigoma huanzi na mota. Unatazama uzi, unatazama sindano, kisha unafunua bati uone vumbi la pamba lililojazana kwenye meno. Nikajiuliza, na hii vumbi lake linakaa wapi?

Kijitabu cha maelezo nilikikuta chini ya kopo la vifungo. Kumbe mashine kama yangu haikamui ikiwa na maji tumboni. Ndani yake kuna kihisio kinachopima kimo cha maji, na mpaka kione pipa limekauka, amri ya kuzunguka kwa kasi haitolewi. Pipa lililojaa maji si la kuzungushwa mara 1,000 na ushei kwa dakika. Kwa hiyo mimi na fundi tulikuwa tunamlaumu anayekamua, kumbe aliyelala kazini ni anayemwaga.

Nilichomoa waya ukutani. Maji yakiwa ya moto, yaache yapoe kwanza. Chini kabisa, upande wa kulia, kuna kijimlango ambacho siku zote nilidhani ni pambo. Nyuma yake kuna mfuniko wa chujio la pampu. Niliweka sinia bapa na matambara, nikaulegeza mfuniko robo mzunguko tu, maji yakaanza kutiririka. Sinia likijaa nakaza, namwaga, nalegeza tena. Nilirudia hivyo mara tisa, mgongo wangu shahidi. Asiye na subira akiuchomoa wote kwa pamoja ataoga bila kupenda.

Chujio lilipotoka lilikuja na vifungo vitatu, soksi ya mtoto, sarafu iliyokwisha sura, na ule waya wa sidiria niliomsingizia binti yangu kuupoteza. (Nimeshamwomba radhi.) Nikaingiza kidole kwenye tundu, nikasukuma kipangaboi cha pampu, kikazunguka. Nikarudisha kila kitu, nikawasha, nikachagua kumwaga na kukamua. Ikanguruma mpaka ndoo za jirani zikatikisika.

Wiki iliyofuata ikagoma tena, na moyo ukanidunda. Safari hii maji yalikuwa yametoka yote. Nilikuwa nimetia blanketi moja, peke yake. Blanketi likishanywa maji hujiviringisha upande mmoja, mashine inahisi uzito umeelemea, inajaribu kulipanga mara kadhaa, kisha inaghairi. Niliongeza taulo mbili upande wa pili, ikakamua. Sabuni nyingi nayo huweza kuizuia, maana povu huisumbua pampu.

Sisemi mafundi hawana kazi. Mkanda unaozungusha pipa ukikatika, au makaa ya mota (vile vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme) yakiisha, nitamwita fundi. Ukiona mashine inafua lakini nguo hazigeuki kabisa, mota inavuma pipa limetulia, mkanda unastahili kushukiwa. Na ile kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, kwa mashine zilizo nayo, mimi siigusi: huweza kubaki na umeme hata waya ukichomolewa. Ninacholalamikia ni fundi kuhukumu bodi kabla ya kuuliza maji yametoka au hayajatoka. Swali hilo halihitaji hata bisibisi.

Na kwa kuwa nimeitaja: aliisahau yake juu ya mashine, ya mpini mwekundu. Kama anasoma gazeti hili, aje aichukue. Nimeitumia kufungulia kile kijimlango.

Wako,
Mshonaji mstaafu