Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Fedha: Kabla Hujaidhinisha Ununuzi wa Faiawoli Mpya

Ndugu Mkurugenzi,

Mezani kwako kuna ombi la kununua faiawoli mpya, yaani vifaa vinavyochuja mawasiliano kati ya mtandao wetu na wa nje, zichukue nafasi ya zile ambazo mtengenezaji ataacha kuzihudumia mwishoni mwa mwaka ujao, pamoja na leseni zaidi za VPN, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni kupitia intaneti, kwa wafanyakazi walio nje ya ofisi. Ombi hilo limefuata utaratibu, limeambatanishwa na bei za kulinganisha, na kwa mazoea yetu litaidhinishwa bila maswali mengi. Nakuomba usilisaini kwanza. Nimeamua kuiandika barua hii wazi kwa sababu najua wakurugenzi wenzako katika kampuni nyingi wanaletewa ombi la namna hiyohiyo, likiwa limeandikwa kama suala la kubadilisha vifaa vilivyochakaa, ilhali saini moja inaifunga kampuni katika aina moja ya ulinzi kwa miaka mitano, ambao ndio muda tunaovihesabia vifaa hivyo uchakavu katika vitabu.

Mtandao wetu ulibuniwa wakati wafanyakazi wote walikuwa ndani ya jengo na programu zote zilikuwa kwenye seva zetu wenyewe. Ulinzi uliwekwa mlangoni: aliye nje alizuiwa, na aliyekwisha kuingia aliaminiwa. Leo barua pepe, mishahara, kumbukumbu za wateja na sehemu kubwa ya mafaili yetu viko kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine tunazozifikia kwa intaneti, lakini mfanyakazi aliye nyumbani bado analazimika kupitia VPN hadi kituo chetu cha data, taarifa zake zikaguliwe huko, zitoke tena kwenda kwenye wingu, kisha jibu lirudi kwa njia ileile ndefu. Tunalipia uwezo wa laini kwa ajili ya safari ambayo haikuwa na ulazima. Mbaya zaidi, anayechoshwa na ucheleweshaji huo huizima VPN na kufanya kazi bila ukaguzi wowote. Nimeliona hilo mara nyingi, na siwezi kumlaumu mtu anayetaka kumaliza kazi yake kwa wakati.

Gharama ya mlango wa aina hii haipatikani kwenye jedwali la bei. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa baada ya wadukuzi kuingia kwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikukusudiwa kutumika tena na ambayo haikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ushahidi wa pili zaidi ya nenosiri. Mkuu wa kampuni hiyo aliwaeleza maseneta kwamba nenosiri lenyewe halikuwa jepesi, na nadhani hilo ndilo la kututia wasiwasi, kwa kuwa nenosiri gumu likishavuja halina tofauti na jepesi. Kampuni ililipa bitcoin 75, sawa na takriban dola milioni 4.4 kwa wakati huo, na serikali ikafanikiwa kurejesha sehemu tu. Wakati mwingine tatizo huwa kwenye kifaa chenyewe tulichokinunua kitulinde. Januari 31, 2024, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, uliziagiza idara za kiraia za serikali kuu kuvitoa kwenye mtandao vifaa vya VPN vya Ivanti katika muda usiozidi saa 48, kwa kuwa kasoro zake zilikuwa tayari zinatumiwa na wadukuzi. Hebu fikiria agizo hilo likitufikia sisi siku ya Jumatano, na hatuna njia nyingine ya kuwaunganisha watu na kazi zao.

Njia nyingine ipo, na si jambo la jana. Mwaka 2010 John Kindervag, akiwa mchambuzi wa kampuni ya utafiti ya Forrester, alieleza msimamo kwamba mtandao wa ndani usiaminiwe kuliko wa nje. Google, baada ya kutangaza mwaka huohuo kwamba imeshambuliwa, ilijenga utaratibu ambao wafanyakazi wake hufikia programu za kampuni bila VPN. Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo rasmi wa usanifu huo. Kwa ufupi, kila ombi la kufungua programu huthibitishwa upya: ni nani anayeomba, kifaa chake kiko katika hali gani, na ana ruhusa ya programu hiyo. Ukaguzi hufanyika kwenye kituo cha mtoa huduma wa wingu kilicho karibu na mtumiaji, naye mtumiaji huunganishwa na programu aliyoiomba tu. Mkandarasi anayehitaji mfumo wa ankara hataziona seva za mishahara, hata kama nenosiri lake limeibwa.

Sasa nije kwenye fedha, ambako wahandisi wenzangu wamezoea kuahidi kupita kiasi. Sitakuambia kwamba mwaka wa kwanza utakuwa nafuu. Tutalipia mifumo miwili kwa pamoja hadi ule wa zamani uzimwe, na matumizi yatahama kutoka kwenye mtaji na kuingia kwenye uendeshaji, jambo litakalobadilisha sura ya bajeti yako. Lakini bei iliyo kwenye ombi nayo haijakamilika. Haina leseni za kila mwaka, wala vifaa vya akiba, wala saa za usiku ambazo wahandisi hutumia kuziba kasoro, na zaidi ya yote inatutaka tununue leo uwezo tunaoukisia kwa mwaka wa tano. Tukikisia kidogo tutanunua tena, na tukikisia sana tutakuwa tumelipia mashine zinazokaa bure. Ada inayofuata idadi ya watumiaji hupanda na kushuka pamoja na kampuni, ingawa ni lazima mkataba uweke kikomo cha ongezeko wakati wa kuuhuisha, la sivyo nafuu yote itaishia hapo.

Wala wingu halimlindi asiyejilinda. Mwaka 2019 Capital One ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini Marekani na wengine takriban milioni 6 nchini Kanada, zikiwa zimehifadhiwa kwenye wingu, kwa sababu faiawoli ya programu zake ilikuwa na mipangilio yenye kasoro; mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 80. Mtoa huduma hulinda miundombinu yake, ila ruhusa na mipangilio hubaki mikononi mwetu. Kwa hiyo sehemu ya fedha ninazoziomba ni ya mafunzo, na nakusihi isiwe ya kwanza kukatwa.

Ninachoomba ni kidogo kuliko kilicho mezani. Lipia huduma ya vifaa tulivyonavyo hadi muda wake uishe badala ya kununua vipya. Tuanze na wakandarasi na wafanyakazi wa mbali, kwa programu chache, kwa miezi sita, tukipima muda wa kufungua programu, simu zinazopigwa dawati la msaada na saa za matengenezo, ili ofisi yako iamue kwa hesabu zetu wenyewe na si kwa vipeperushi vya wauzaji. Wakati huohuo tufunge akaunti zote zisizo na mwenyewe na kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haihitaji ununuzi wowote.

Niko tayari kuja ofisini kwako na jedwali la gharama zote nilizozitaja, zikiwemo zile zinazoudhoofisha upande wangu.

Wako katika kazi,

Mhandisi wa Usalama wa Mtandao